Kodi ya majengo: tunabishana kuhusu mkusanyaji, tunamsahau mwamuzi

Kila msimu wa bajeti, madiwani wa miji ya Tanzania hurudia ombi lilelile: Serikali Kuu izirudishie halmashauri kodi ya majengo. Upande wa pili nao hurudia jibu lilelile, kwamba tangu kodi hiyo ianze kukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla kwa tokeni, Agosti 2021, hakuna tena foleni, hakuna ankara zinazopotea njiani, wala mwenye nyumba hasubiri kukumbushwa na mgambo. Pande zote mbili zinabishana juu ya mkono unaopokea fedha, na kwa maoni yangu huo ndio mkono usio na uzito mkubwa katika jambo hili. Pamoja na kazi ya kukusanya, halmashauri zilipoteza uwezo wa kuamua jengo lipi lina thamani gani, uwezo wa kupanga kiwango, na wajibu wa kumweleza mlipaji fedha yake imefanya nini. LUKU inaweza kubaki mahali pake. Hayo mengine hayakupaswa kuondoka nayo, na ombi la kurudisha kila kitu kwa mkupuo linawapa watetezi wa hali ya sasa ushindi rahisi.

Historia ya kodi hii imejaa nenda-rudi. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 chini ya sera ya Madaraka Mikoani. Mamlaka za miji zikarejeshwa mwaka 1978 baada ya huduma za miji kudorora, na sheria za mwaka 1982 kuhusu mamlaka za wilaya, mamlaka za miji na fedha za serikali za mitaa zikajenga mfumo ambao kwa sehemu kubwa ndio tulio nao hadi leo. Mwaka 1983 ikaja sheria ya kuziwezesha mamlaka za miji kutoza kodi ya majengo. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na utitiri wa ushuru mdogomdogo uliokuwa kero kwa wananchi, na halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya fidia. Uamuzi huo ulipendwa, na ulistahili kupendwa, ila uliziacha halmashauri na vyanzo vichache vya maana, kikiwemo hiki cha majengo ambacho hakikutulia. Mwaka 2008 kazi ya kukusanya katika Dar es Salaam ilikabidhiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), mwaka 2014 ikarudishwa kwa manispaa, na mwaka 2016 ikachukuliwa tena na TRA, ambayo mwaka uliofuata ilipanuliwa wigo na kuongezewa ada za mabango.

Watu wengi wanaukumbuka mwaka 2016 kwa sababu ya mvutano wa nani akusanye, na mwaka 2021 kwa sababu makato yalianza kuonekana kwenye ujumbe wa tokeni. Mwaka unaopaswa kukumbukwa zaidi ni 2018, ulipokamilika utaratibu wa kutoza kiwango mfuto, yaani kiasi kimoja kwa kila jengo bila kujali thamani yake: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila ghorofa mijini. LUKU ilipokuja ilirithi utaratibu huo na kuugawa kwa miezi, kwa viwango vilivyopanda kidogo: shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Julai 2023 viwango vilipanda hadi 1,500 na 7,500, sawa na 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Kila mabadiliko yalizungumzwa kama suala la kiasi, je, ni kidogo au kikubwa. Ilhali kwa kuondoa uthamini tulibadili aina ya kodi yenyewe. Kodi ya majengo, popote inapoitwa hivyo kwa haki, hutozwa kwa kadiri ya thamani ya mali. Tuliyo nayo sasa ni kodi ya mita ya umeme, na kwa tabia yake iko karibu zaidi na ile kodi ya nyumba ambayo utawala wa Wajerumani uliianzisha mwaka 1898 kwa kiwango kimoja kwa kila kibanda.

Matokeo yake yanaonekana kwa hesabu ya darasani. Nyumba ya chini yenye bustani na uzio Masaki inalipa shilingi 18,000 kwa mwaka, na nyumba ya vyumba vitatu Mbagala inalipa 18,000 hizohizo. Barabara ya lami, taa na mifereji vilivyoipandisha thamani nyumba ya kwanza vilijengwa kwa fedha za umma. Mwenye nyumba alipata ongezeko la thamani bila kutoa jasho, na kodi haikugusa hata shilingi moja ya ongezeko hilo. Sasa tumweke pembeni yake mkulima wa ufuta. Ushuru wa mazao ya biashara, baada ya kupunguzwa kutoka asilimia 5 mwaka 2017, ni asilimia 3 ya bei ya shambani. Kisheria analipa mnunuzi, ila kila aliyewahi kuuza zao anajua mnunuzi huuondoa ushuru huo kwenye bei anayotoa. Mkulima aliyeuza ufuta wa shilingi 600,000 anakuwa amechangia shilingi 18,000 kwa halmashauri yake, awe amepata faida au hasara msimu huo. Mauzo ya laki sita ya mtu aliyelima kwa jembe la mkono yanabeba mzigo sawa na jumba la Masaki kwa mwaka mzima.

Ulinganisho huu si wa kutia chumvi. Halmashauri isiyo na uwezo juu ya majengo hulazimika kutafuta mahali pengine, na mahali penyewe panajulikana: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, ada za maegesho na machinjio, na ushuru wa huduma ambao hutozwa kwa asilimia ya mauzo bila kujali faida. Vyote hivi vinaangukia mzunguko wa biashara, na vingi vinamwangukia mwenye mtaji mdogo. Majengo na viwanja havihamishiki. Haviwezi kukimbia kizuizi cha ushuru usiku wala kubadilisha njia, na kwa sababu hiyo wataalamu wa fedha za umma huvitaja kama chanzo kinachozifaa zaidi serikali za mitaa kuliko kingine chochote. Tumekichukua chanzo hicho, tukakifanya butu, halafu tunazilaumu halmashauri kwa kumsumbua muuza mchicha. Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitaka itolewe kama mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hukokotolewa kutoka kwenye kapu hilo, na kapu likiwa dogo mikopo nayo huwa midogo.

Watetezi wa utaratibu wa LUKU wana hoja nzuri, na haifai kuzipita kama hazipo. Ya kwanza ni gharama. Kupeleka ankara nyumba kwa nyumba, kumtafuta mwenye nyumba anayeishi mkoa mwingine, kufungua mashauri ya madai madogo, yote hayo yalikuwa yanakula fedha iliyokusanywa. Waliosimama kwenye misururu ya ofisi za TRA mwaka 2017, siku za mwisho za kulipa zilipokaribia, hawahitaji kuelezwa faida ya kukatwa kidogokidogo. Ya pili ni kwamba halmashauri hazikuwa malaika. Daftari za majengo zilikuwa pungufu, uthamini ulizeeka, na diwani ambaye mwakani anaomba kura hapendi kuonekana akipandisha kodi ya nyumba za wapiga kura wake. Jambo hili si la Tanzania peke yake: jijini Nairobi viwango vya ardhi viliendelea kwa miongo kadhaa kutozwa kwa kutumia daftari la uthamini la mwaka 1980, na kila aliyejaribu kulihuisha alikuta upinzani wa wenye viwanja. Anayedai kwamba kurudisha kodi halmashauri kutaleta haki papo hapo anapaswa kueleza kwa nini safari hii mambo yatakuwa tofauti.

Hoja ya tatu, nayo ni nzito kuliko zote, ni ya usawa baina ya maeneo. Majengo yenye thamani yamerundikana katika miji michache. Kodi ikibaki inakotoka, Kinondoni na Ilala zitaneemeka huku halmashauri ya wilaya ya pembezoni ikibaki kusubiri msimu wa korosho. Ni kweli tupu. Ila tunapaswa kuuliza kama kuichukua kodi ya jiji ndiyo njia ya kuleta usawa huo. Nchi hii ina chombo kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo, nacho ni ruzuku ya kanuni. Tangu mwaka wa fedha 2004/05 kumekuwa na mfumo wa kugawa ruzuku za sekta kwa vigezo kama idadi ya watu na kiwango cha umaskini, na ruzuku ya maendeleo iliyoambatana na masharti ya utendaji. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, hasa katika utoaji wa fedha kwa wakati, lakini ulikuwa na sifa moja adimu: mtu yeyote aliweza kuchukua vigezo na kukokotoa halmashauri yake ilistahili kiasi gani. Kodi inayoingia Mfuko Mkuu na kuchanganyika na nyingine haina sifa hiyo. Zaidi ya hapo, usawa unaoanza kwa kumtoza mwenye kibanda cha Tandika sawa na mwenye jumba la Oysterbay umekwisha kuharibika kabla fedha haijafika Hazina.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo cha ajabu ndiyo hutolewa kwa fahari zaidi, ni kwamba kodi hii ni nzuri kwa sababu mlipaji haisikii. Shilingi 1,500 inapita ndani ya tokeni, wala mtu haumii. Kwa kodi ya taifa inayogharamia ulinzi au deni la nchi, labda hoja hiyo ina mantiki kidogo. Kwa kodi ya mtaa ni kasoro kubwa, kwa kuwa sababu ya kuwa na serikali za mitaa ni kumweka mlipaji karibu na mtumiaji wa fedha ili wahojiane. Mwananchi aliyeletewa ankara yenye jina la halmashauri yake alikuwa na swali tayari mdomoni: mbona taka hazizolewi? Leo anayekatwa kwenye tokeni, akikasirika, humkasirikia TANESCO, shirika la umeme ambalo halihusiki na taka wala mitaro. Mkutano wa mtaa unapoitishwa kusoma mapato na matumizi, fedha ya majengo ya mtaa huo haimo kwenye taarifa kama mchango wao, basi hakuna wa kuuliza na hakuna wa kujibu. Kodi isiyosikika huzaa matumizi yasiyohojiwa, na hilo ni gharama hata kama halionekani kwenye hesabu za makusanyo.

Kuna pia suala la mpangaji, ambalo limezungumzwa sana na kueleweka nusu. Malalamiko ya kawaida ni kwamba mpangaji analipa kodi ya mali isiyo yake. Serikali ilijibu kwamba wapangaji na wenye nyumba wakubaliane namna ya kufidiana. Kwa mtu anayelipa kodi ya chumba Manzese na kuogopa kufukuzwa, makubaliano hayo ni ya maneno tu. Hata hivyo tatizo la msingi halitoki kwenye mita kuwa mikononi mwa mpangaji. Linatoka kwenye kuifanya mita kuwa ndiyo jengo. Nyumba moja yenye mita nne, jengo lisilo na umeme kabisa, fremu za biashara zinazotumia mita moja, kiwanja cha thamani kubwa mjini kilichoachwa pori miaka kumi kikisubiri bei ipande: mfumo unaotambua mita peke yake hauwezi kuyatofautisha haya bila kupokea barua za marekebisho moja baada ya nyingine. Ni kama kupima mzigo kwa kuhesabu magunia bila kufungua hata moja. Misamaha nayo, kama ule wa mzee aliyetimiza miaka 60 kwa nyumba anayoishi, inamtaka mhusika mwenyewe ajitokeze kuiomba, na mara nyingi wenye haki zaidi ndio wasio na nguvu ya kufuatilia.

Njia ya kutoka ipo, na haihitaji kuvunja kilichojengwa. Kazi ya kukusanya ibaki kwa TRA kupitia LUKU, kwa ada inayojulikana, kama wakala anavyolipwa kwa kazi yake. Fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri lilipo jengo, jambo ambalo mifumo ya malipo ya serikali kwa namba za kumbukumbu inaliweza bila shida. Kiwango kipangwe na baraza la madiwani ndani ya mipaka ya chini na ya juu itakayowekwa na Bunge. Wapo watakaosema Katiba hairuhusu. Ibara ya 138 inakataza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria na kupewa nguvu na sheria ya Bunge. Haikatazi Bunge kuweka mipaka na kuliachia baraza lililochaguliwa lichague ndani yake, na tayari halmashauri hutunga sheria ndogo za ushuru kwa msingi huohuo.

Kinachobaki ni uthamini, na hapa ndipo ninapoona mjadala wetu umepitwa na wakati. Mwaka 2016 ilikuwa halali kusema kwamba hatujui majengo yako wapi. Mwaka 2022 ilifanyika operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, na sensa ya mwaka huohuo ilihesabu majengo kwa mara ya kwanza, ikapata zaidi ya milioni 14. Tuna namba ya nyumba, jina la mtaa na mita ya umeme. Kuviunganisha ni kazi ya utawala, si ya maajabu. Tena hatuhitaji mthamini aliyesajiliwa aingie kila sebule. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ulianza mwaka 2020 kutoza kwa mfumo wa pointi: ukubwa wa jengo, aina ya paa na kuta, hali ya barabara inayolifikia na mahali lilipo, vitu ambavyo karani aliyefundishwa anaviona akiwa nje ya uzio au kwenye picha ya satelaiti. Mzigo ulihamia kwa wenye majumba makubwa na kupungua kwa wenye vibanda. Mageuzi hayo yalikumbana na upinzani, ukiwemo wa serikali kuu ya nchi hiyo, na hilo nalo ni funzo: mfumo wa kitaalamu hauwezi kujilinda wenyewe kisiasa. Ila swali la kama mji wa Kiafrika wenye makazi holela unaweza kuthamini majengo yake kwa gharama nafuu limepata jibu.

Kwa mfumo wa namna hiyo LUKU ingekuwa chombo bora kuliko ilivyo leo. Kodi ya mwaka ya kila jengo ingegawanywa kwa miezi 12 na kukatwa kama kawaida, huku ujumbe wa tokeni ukitaja jina la halmashauri iliyopokea. Mwenye mita nne angegawiwa kodi ya jengo moja katika mita nne. Kiwanja kitupu kingetumiwa ankara yake pembeni, kwa kuwa hakina umeme wa kukatwa. Mpangaji angekuwa na kumbukumbu inayoonyesha kiasi alichomlipia mwenye nyumba, ambayo angeweza kuiwasilisha hata mbele ya baraza la usuluhishi la kata. Haya ni mambo madogo ya utendaji, lakini ndiyo yanayoamua kama raia anaiona kodi kuwa yake au kuwa makato ya ajabu.

Ugumu wenyewe uko kwa watakaolipa zaidi. Nyumba ya thamani ya shilingi milioni 500, ikitozwa hata asilimia 0.1 tu, itadaiwa shilingi 500,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Wenye nyumba za aina hiyo ni wachache, ila ndio wenye simu za mawaziri, nafasi kwenye vyombo vya habari na, tusifichane, viti katika vyombo vya maamuzi. Wenye nyumba za milioni 10, ambao kwa kiwango hichohicho wangelipa 10,000 na kupata nafuu, ni wengi na hawajui kwamba wanadhulumiwa, maana hakuna aliyewaonyesha hesabu. Kwa sababu hiyo mageuzi yakianza nchi nzima kwa siku moja yatazimwa kabla ya robo ya kwanza ya mwaka wa fedha kwisha. Yaanze katika majiji mawili au matatu ambayo mabaraza yake yamekubali kwa kura ya wazi, ongezeko la mwaka liwekewe ukomo ili mstaafu aliyejenga zamani kwenye eneo lililogeuka kuwa ghali asishtukizwe, na orodha ya viwango vya kila mtaa ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa miezi mitatu kabla ya kata la kwanza. Wakati hayo yakisubiri muswada, kuna swali ambalo diwani anaweza kuliuliza katika kikao kijacho cha bajeti bila kibali cha mtu: mwaka jana majengo ya kata yangu yalikatwa kiasi gani, na kati ya fedha hizo ni kiasi gani kiliirudia halmashauri hii? Mkurugenzi akishindwa kujibu, kushindwa huko kuandikwe kwenye muhtasari.